Tope la Kumwonyesha Mheshimiwa

Ndugu zangu wa mtaa huu, mnanifahamu. Wengi wenu nimewanyoa, na ambao sijawanyoa nimewanyolea watoto. Mimi ni kinyozi wa pale kona, mnayeniita Kipara. Utani huo siuchukii, maana kinyozi asiye na nywele ni kichekesho hata kwangu mwenyewe. Leo sina utani mwingi. Nataka kuwaeleza yaliyoipata nyumba ya kaka yangu, fundi cherehani, baada ya yale mafuriko. Mtasema mnayajua. Mnayajua kipande kipande, kila mtu na kipande chake. Mimi nilikuwamo tangu mwanzo hadi mwisho.

Jioni ya kabla ya maji nilikuwa nimekaa barazani kwa kaka. Alikuwa anapinda sare za shule, cherehani yake inalia polepole. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mbao, anafumua suruali kuukuu kwa wembe. Nyembe hizo nilimpa mimi. Zikishachoka kichwani kwa watu, kwake zilikuwa bado kali. Alikuwa na miaka sabini na kitu na bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Mishono ya huyu," alisema akimwonyesha kaka kwa kidevu, "ni migumu kufumua kuliko nilivyokuwa namtoa kitandani aende shule."

"Ndiyo maana wateja wanarudi, Mama," kaka akajibu.

"Wanarudi kudai nguo zao. Zimechelewa."

Shemeji, mke wa kaka, alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sinia. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, ya kawaida tu. Hakuna aliyeitazama mara mbili.

Alfajiri ya Jumamosi ule mtaro wa nyuma ukafurika. Niliamka maji yako kwenye godoro. Nikakimbia kwa kaka, nikamkuta amesimama mlangoni ameikumbatia cherehani, hajui aende wapi. Nilimbeba Mama mgongoni. Njia nzima alikuwa ananiambia nisimwangushie kandambili zake. Hazikuanguka. Tulilala darasani kule shuleni juu siku mbili, familia kumi chumba kimoja, na kusema kweli hapo hatukuwa na shida kubwa. Mtaa mzima tulikuwa hai. Hilo lishikeni vizuri, maana ndiko ninakokwenda: maji hayakumuua mtu yeyote kwetu.

Jumatatu maji yalikuwa yameshuka, tukarudi. Tope lilikuwa limejaa kila mahali, jeusi, zito, linanuka mafuta ya taa na choo. Kwa kaka lilikuwa limefika juu ya kanyagio la cherehani. Sare zote arobaini zilikuwa chini yake. Dukani kwangu maji yalikuwa yameacha mstari wa tope katikati ya kioo, hivyo mteja akikaa angejiona kuanzia pua kwenda juu. Mimi sipendi uchafu. Nilichukua koleo nikaanza pale pale, na kufika saa sita mchana nilikuwa naiona sakafu yangu. Shemeji naye alikuwa ameanza kwake, na jirani, na jirani wa jirani. Mtaa mzima zilikuwa zinasikika koleo.

Ndipo Mwenyekiti wa mtaa akapita na kile kipaza sauti chake.

"Jamani, acheni! Acheni kwanza! Mheshimiwa anakuja Alhamisi kutupa pole. Anataka kuona hali halisi!"

Nikatoka nje. "Mwenyekiti, hali halisi si ni hii? Tunaitoa."

"Kipara, tumia akili. Kutakuwa na orodha. Bati, magodoro, saruji. Anayesafisha leo, Alhamisi anaonekana hakuathirika. Mimi nitaandika kinachoonekana, sitaandika hadithi."

Msimrukie Mwenyekiti peke yake. Naye nyumba yake ilikuwa imejaa tope, na aliyoyasema yeye kila mmoja wetu alikuwa ameshayawaza kichwani kabla hajafungua kinywa. Ndiyo maana koleo zilinyamaza haraka vile. Hakuna aliyebisha. Mtu aliegemeza koleo ukutani, akakaa juu ya ndoo, akaanza kungoja.

Na mimi sasa, niliyekuwa nimeshasafisha? Nawaambia ukweli, wengine hamkuuona. Nilichukua ndoo nikalirudisha tope ndani. Ndoo kumi na mbili. Nililimwaga, nikalisawazisha na mguu lionekane lilikuja lenyewe. Shemeji alisimama mlangoni akanitazama.

"Shemeji Kipara, unapanda mpunga?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Sidhani kama nimemsikia akicheka tena tangu siku ile.

Jioni hiyo hiyo fundi mwashi, yule anayekaa karibu na kisima, alipita kuangalia nyumba za watu. Hakuna aliyemwita, ni tabia yake. Chumba cha Mama kilikuwa cha nyuma, upande wa mtaro, ukuta wa matofali ya udongo uliopakwa lipu. Kulikuwa na ufa kutoka kwenye dirisha mpaka chini. Fundi alipitisha vidole, akagonga kwa kifundo, akasikiliza.

"Huu umekunywa maji," alimwambia kaka. "Wekeni miti miwili ya kuuegemeza, leo. Kesho nije tuushushe taratibu, matofali mengine mtayatumia tena. Na bibi asikae humu."

"Mbona mafuriko yenyewe haukuanguka?" kaka akauliza.

"Ukuta wa udongo hauanguki kila mara siku ya maji. Siku ya maji umejaa, umesimama. Unaanguka ukianza kukauka. Jua likiwaka siku tatu nne, usisimame hapa."

Kaka alimshukuru. Fundi alipoondoka, kaka akanigeukia. "Nikiweka miti, si wataona nimeshajisaidia?"

Nilikuwa na jibu. Kichwani lilikuwepo, kamili. Lakini ndoo zangu kumi na mbili zilikuwa bado hazijakauka, na mtu aliyerudisha tope dukani kwake kwa mikono yake atamwambia nini mwenzake? Nikasema, "Ni mpaka Alhamisi tu."

Dada yetu mkubwa alifika Jumanne asubuhi. Ni mpishi wa shule, nyumba yake iko kule juu, maji hayakumgusa. Alikuja na pikapu ya shule na godoro nyuma.

"Nimemfuata Mama," akasema. "Chumba kipo, kikavu."

Kaka akamvuta pembeni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, nikasikia yote.

"Dada, subiri Alhamisi ipite. Mheshimiwa akikuta nyumba ina mzee, kipaumbele kinakuwa chetu. Mwenyekiti amesema wazi."

"Kwa hiyo Mama akae kwenye tope ili aonekane?"

"Usiku analala sebuleni na sisi, tumetandika meza mbili. Mchana ndiyo anakaa chumbani kwake. Siku mbili, dada. Ukimchukua watasema mzee wa hapa ameshahamia kwenye nyumba nzuri."

Dada alinitazama mimi. "Na wewe Kipara, unasemaje?"

"Ni mpaka Alhamisi tu," nikasema. Mara ya pili.

Mama aliyasikia, maana masikio yake yalikuwa mazima kama macho. Alisema kutoka ndani, "Mwacheni kaka yenu. Amepoteza sare za watu. Nitakaa. Lakini mniletee wembe, siwezi kukaa mikono mitupu." Dada akaondoka na godoro lake. Hakumuaga kaka.

Alhamisi tuliamka mapema, tukavaa nguo zilizochafuka. Wengine, msikatae, mlivaa zilizochafuka zaidi ya zile mlizokuwa nazo Jumatano. Tulisimama tangu saa mbili. Saa nane Mwenyekiti akapigiwa simu: ziara imesogezwa mpaka Jumamosi, barabara mbovu. Ijumaa ikaja gari moja jeupe. Alishuka dada mmoja wa itifaki, mwembamba, na kijana mpiga picha. Walipita nyumba kwa nyumba wakichagua pa kusimama. Kwa kaka walikaa muda mrefu.

"Hapa pazuri," yule dada akasema. Alisema hivyo kweli, pazuri. "Huu ufa unaonekana vizuri. Huyu bibi anakaa hapa?"

"Ndiyo," kaka akajibu. "Ni mama yangu."

"Bibi, Mheshimiwa akija utakaa kiti hiki, hapa, ukuta ukiwa nyuma yako. Akikupa mkono usisimame, atainama yeye."

Mama akamtazama. "Mwanangu, mimi nimekuwa fenicha?"

Yule dada akatabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi zake. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Mama chupa ya maji ya kunywa. Kisha akamwambia kaka kila kitu kibaki kama kilivyo, hata kiti, ili siku yenyewe wasihangaike. Kaka alifurahi. Nilimwona, alifurahi kweli, akanishika bega akaniambia, "Umeona? Tumechaguliwa."

Jumamosi hawakuja. Wakasema Jumanne, bila shaka safari hii. Jua lilikuwa linawaka tangu Alhamisi. Tope lilianza kupasuka juu, chini bado laini, na nzi walikuwa wengi. Watoto watatu mtaani walikuwa wanaharisha. Ungedhani tungesema basi, imetosha. Lakini kadiri tulivyongoja ndivyo ilivyokuwa vigumu kuacha kungoja, kwa sababu mwenye kuacha angekuwa amengoja bure. Mimi sikuwa ninawaza tena. Nilikuwa nakaa kwenye ndoo yangu asubuhi, jioni nanyanyuka.

Jumatatu, yapata saa kumi jioni, gari lilisikika barabara kuu. Mtu akapiga kelele, "Wamekuja leo! Wamekuja leo!" Tukakimbia kila mtu kwake. Nilipita kwa kaka nikamwona anamwongoza Mama chumbani, amemshika kiwiko, anamketisha kwenye kile kiti, anamnyooshea kitenge mabegani. Mama alikuwa na suruali ya mtu mapajani na wembe mkononi. Kaka akatoka haraka kwenda kumwita Mwenyekiti.

Lilikuwa lori la maturubai.

Ukuta wa chumba cha Mama ulipoanguka haukupiga kelele kubwa. Nimesikia milango ikibamizwa kwa kelele kuliko ile. Vumbi likatoka dirishani, basi. Tuliingia mimi, shemeji na fundi mwashi, aliyekuja mbio bila kuitwa kama kawaida yake. Tulichimbua kwa mikono, na koleo zikaja baadaye, zile zile za siku ya kwanza. Tulimpata Mama baada ya dakika kama ishirini. Kandambili zilikuwa miguuni.

Kaka alirudi akiwa na Mwenyekiti. Alisimama mlangoni pale pale alipokuwa amesimama na cherehani alfajiri ile. Dada yetu alipofika alikaa chini, juu ya tope, akakiweka kichwa cha Mama mapajani, akamfuta udongo usoni kwa mate na kidole, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Mimi sikulia. Watu wameniuliza, wengine wamenisema. Sikulia siku ile na sijalia mpaka leo, na sijui machozi yamekwenda wapi.

Tulimzika Jumanne asubuhi. Saa tisa alasiri Mheshimiwa akafika. Safari hii kweli.

Kwenye karatasi za yule dada wa itifaki iliandikwa: nyumba ya fundi cherehani, kumsalimia bibi. Alikuwa amekata "kumsalimia bibi" kwa kalamu, akaandika juu yake "kutoa pole ya msiba". Muda ulibaki ule ule, dakika nane. Niliiona karatasi kwa macho yangu, alikuwa amesimama mbele yangu.

Mheshimiwa alikuwa mtu wa makamo, mfupi kuliko kwenye mabango. Alimpa kaka mkono, akampa shemeji, akanipa mimi. Alisema maneno mazuri. Kisha akatazama sakafu, akatazama nje, akatazama mlango wa jirani.

"Tope hili ni la lini?"

"La mafuriko, Mheshimiwa," Mwenyekiti akajibu.

"Yale ya Jumamosi ya juzi? Leo si siku ya kumi na moja? Mbona hamjalitoa?"

Mwenyekiti alitazama kofia yake. Sisi tulitazama miguu yetu. Kaka ndiye aliyejibu, sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Tulikuwa tunakungoja wewe. Uone."

"Mimi?" Alishangaa, na kushangaa kwake hakukuwa kwa kuigiza. "Lakini mimi nilishaona. Nililetewa picha Jumapili ile ile, zilizopigwa kutoka juu. Orodha ilipita Jumatano. Ni mtaa mzima, kila nyumba, hakuna wa kuachwa. Hamkuambiwa?"

Alimgeukia dada wa itifaki. Dada wa itifaki alimgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti hakuwa na wa kumgeukia.

Ndipo dada yetu akasimama. Alikuwa bado na udongo kwenye kucha.

"Kama ulishaona, Mheshimiwa," akamwuliza taratibu, kwa heshima kabisa, "ulikuwa unakuja kuona nini?"

Mpiga picha alishusha kamera. Mheshimiwa akamshika dada mkono, akasema pole sana mama, pole sana, akaelekea kwenye gari. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vipya na sasa vilikuwa vimechafuka mpaka kwenye kifundo. Dakika zilikuwa sita kati ya zile nane. Mbili tulimrudishia.

Walipoondoka hakuna aliyetoa amri. Fundi mwashi alichukua koleo akaanza kwa kaka. Mimi nikachukua yangu. Kisha jirani, na jirani wa jirani, na Mwenyekiti akavua kofia akaitundika kwenye msumari, akaanza kubeba ndoo. Tulianza saa kumi. Kabla giza halijaingia vizuri, mtaa mzima ulikuwa safi. Muda wa saa tatu, ndugu zangu. Kazi tuliyoingoja siku nane tuliimaliza kwa saa tatu.

Bati zilikuja wiki iliyofuata, bati sita kila nyumba, hata nyumba za juu ambazo maji hayakuzifikia. Kaka alipewa karatasi atie sahihi. Juu kabisa, mahali pa mkuu wa kaya, walikuwa wameandika jina la Mama. Bati zake bado zimeegemea ukuta wa mbele. Hajaezeka kitu. Anashona, nguo zinatoka kwa wakati siku hizi, na hakuna anayemtania. Jumapili anakuja dukani kwangu, anakaa kitini, namnyoa. Hatuongei. Kioo nilikisafisha lakini ule mstari haukutoka wote, kwa hiyo tunatazamana kwa juu ya mstari.

FUNZO

Ndugu zangu, hadithi hii sikuwasimulia ili mumchukie Mheshimiwa. Atakayekuja kutazama shida zetu kwa ratiba na kamera, na atazame, hiyo ndiyo kazi aliyoichagua, naye ana swali la dada yangu la kujibu. Lakini kiti kile hakukiweka yeye. Tulikiweka sisi, kwa mikono yetu, na mimi nilikuwa na nafasi mbili za kusema "hapana", nikasema "ni mpaka Alhamisi tu".

Msaada ukija tuupokee, ni haki yetu. Ila tusiitunze shida yetu kama mgeni wa heshima ili mkubwa aje aikute. Maji yakishuka, toa tope siku ile ile. Ukuta ukipasuka, uegemeze siku ile ile. Mzee akifuatwa na mwenye chumba kikavu, mpandishe kwenye gari na godoro lake. Mkubwa akija akakuta pasafi, akadhani hatukuumia, na adhani. Jina letu likikosekana kwenye orodha, na likosekane. Tungefanya hivyo, Mama yangu angekuwa barazani sasa hivi, anafumua suruali ya mtu, na nyembe zangu kuukuu ninazoendelea kumwekea kwenye kopo ningejua nimpelekee nani.